Habari Mbili, Damu Moja

Tarehe 2 Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza chanjo ya pili ya malaria itumike kwa watoto. Chanjo hiyo, R21, ilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na inatengenezwa na Serum Institute of India. Hata miezi miwili haikutimia, tarehe 16 Novemba, mamlaka ya dawa ya Uingereza ikaidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza duniani inayohariri jeni za mgonjwa kwa njia ya CRISPR, kwa watu wenye magonjwa ya damu ya kurithi, selimundu na thalasemia. Marekani ikafuata tarehe 8 Desemba kwa upande wa selimundu.

Habari hizi mbili zilitangazwa kama mambo yasiyojuana. Malaria iliwekwa pamoja na vyandarua, mvua na kliniki za watoto. Casgevy iliwekwa pamoja na maajabu ya teknolojia ya nchi zilizoendelea. Msomaji aliyezipokea hivyo angeweza kuamini kwamba moja inatuhusu sisi na nyingine inawahusu wengine.

Mimi ni mwanafunzi wa baiolojia, na nilizisoma habari hizo katika kipindi ambacho tulikuwa darasani tukijifunza jenetiki ya damu. Somo lile lilinionyesha kwamba hizi ni habari za kisa kimoja, kisa ambacho sehemu yake muhimu iligunduliwa hapa Afrika Mashariki. Malaria na selimundu zimeshikamana kwa maelfu ya miaka ndani ya damu ya watu wetu. Kwa hiyo chanjo ya Oktoba na tiba ya Novemba zinastahili kusomwa pamoja na kupimwa kwa kipimo kimoja: je, ugunduzi huu utarudi kwa watu ambao ugonjwa wao ndio uliozaa swali?

Mwanafunzi katika msafara wa Mlima Kenya

Mwaka 1949 Chuo Kikuu cha Oxford kilituma msafara wa utafiti Mlima Kenya. Miongoni mwa wasafiri alikuwamo Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya. Kazi aliyojipa ilikuwa kukusanya sampuli za damu za watu wa makabila mbalimbali na kuzichunguza. Kitu kimoja alichokitafuta ni tabia ya chembe nyekundu kujikunja kama mundu zinapokosa oksijeni.

Matokeo yalimshangaza. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na tabia hiyo kwenye damu yao. Kwenye nyanda za juu zenye baridi hawakufika hata mtu 1 katika 100. Maelezo ya ukabila hayakutosha, kwa sababu watu wa makabila tofauti kabisa waliokaa pwani na ziwani walifanana katika jambo hili. Kilichowaunganisha kilikuwa mazingira. Pwani na ziwani kuna joto, maji yaliyotuama, mbu na malaria ya mwaka mzima. Juu milimani, enzi hizo, malaria ilikuwa adimu.

Allison akajiuliza: iwapo jeni inayosababisha tabia hii inaua watoto wanaoirithi kwa wazazi wote wawili, kwa nini haijapungua na kutoweka? Lazima iwe na faida kwa mtu fulani. Akarudi Afrika Mashariki mwaka 1953 kutafuta ushahidi. Karibu na Kampala alipima damu ya watoto 290. Kati ya watoto waliokuwa na jeni moja ya selimundu, asilimia 28 walikutwa na vimelea vya malaria. Kati ya wasiokuwa nayo, walikuwa asilimia 46. Kisha akafanya jaribio lililohusisha wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea kuambukizwa malaria chini ya uangalizi wake. Kati ya 15 wasiokuwa na jeni hiyo, 14 walipata malaria. Kati ya 15 waliokuwa nayo, waliopata ni 2 tu. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake katika jarida la kitabibu la Uingereza, akionyesha pia kwamba ramani ya selimundu katika Uganda, Kenya na Tanganyika inafuata ramani ya malaria.

Jaribio la namna ile, la kuwaambukiza watu ugonjwa unaoua, leo lisingefanyika bila kamati ya maadili kuhoji kila hatua yake, na ni haki iwe hivyo. Lakini ushahidi wenyewe umesimama. Tafiti za miaka ya karibuni kule Kilifi, pwani ya Kenya, zimeonyesha kwamba mtu mwenye jeni moja ya selimundu amekingwa dhidi ya malaria kali kwa karibu asilimia 90.

Ninapolisoma jambo hili, kinachonigusa zaidi ni kwamba aliyeliona alikuwa mwanafunzi. Vifaa vyake havikuwa vya ajabu hata kwa wakati ule: darubini, vioo vya sampuli na kemikali ya kuiondoa oksijeni katika tone la damu. Alichowazidi wengine ni kuuliza kwa nini takwimu za pwani na za milimani hazifanani, kisha kukataa kuliacha swali hilo kabla ya kupata jibu.

Kosa la asidi moja

Selimundu, ambayo mitaani watu wengi huiita sikoseli, iliandikwa kwa mara ya kwanza katika fasihi ya tiba ya Kimagharibi mwaka 1910, na daktari James Herrick wa Chicago. Mgonjwa wake alikuwa mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba chanzo ni himoglobini yenyewe, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Mnamo 1957 Vernon Ingram akabainisha kosa lenyewe: katika mnyororo mmoja wa himoglobini, mahali pa sita, asidi amino inayoitwa glutamiki imebadilishwa na nyingine inayoitwa valini. Ni asidi moja tu katika mnyororo wa asidi 146.

Kwa badiliko hilo, himoglobini inapoachia oksijeni hushikana na kutengeneza nyuzi ngumu, na chembe hupinda. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120. Ya selimundu huishi siku 10 hadi 20, ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu. Chembe zilizopinda huziba mishipa midogo, na hapo ndipo hutokea yale maumivu makali ya mifupa na kifua ambayo familia zetu nyingi zinayajua, na wakati mwingine kiharusi hata kwa mtoto mdogo.

Mtu aliyerithi jeni hii kutoka kwa mzazi mmoja tu huwa na afya njema, na ana ile kinga ya malaria. Wazazi wawili wa hali hiyo wakioana, katika kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto aliyerithi jeni mbili, naye ndiye mgonjwa. Hapa kuna dhana moja inayopotosha watu wengi. Husemwa kwamba mwenye selimundu hapati malaria. Si kweli. Anayekingwa ni mwenye jeni moja. Mtoto mwenye jeni mbili akipata malaria yumo hatarini zaidi kuliko watoto wengine, kwa sababu damu yake tayari ni chache na malaria huipunguza zaidi. Ndiyo maana WHO hupendekeza watoto wenye selimundu wanaoishi penye malaria wapewe dawa za kuikinga.

Utafiti wa Daniel Shriner na Charles Rotimi, uliochapishwa mwaka 2018, ulikadiria kwamba badiliko hili la jeni lilitokea mara moja, kwa mtu mmoja, Afrika, miaka ipatayo 7,300 iliyopita. Tangu hapo malaria ndiyo iliyolilinda. Kila msimu wa mbu uliwaondoa watoto wengi wasio na jeni hiyo na kuwaacha wenye jeni moja wakue na kuzaa. Wenye jeni mbili wakalipa gharama. Selimundu, kwa maneno mengine, ni kovu la vita vya wahenga wetu na malaria, na maumivu yake wanayabeba watoto waliopo leo. Kwa msingi huo sioni namna ya kuisoma habari ya Casgevy bila kuisoma habari ya R21.

Kimelea kinachobadili sura

Kwa nini chanjo ya malaria ilichelewa kiasi hiki, ilhali chanjo ya surua inatumika tangu miaka ya 1960? Jibu liko katika adui mwenyewe. Virusi vya surua vina jeni 6. Kimelea kinachosababisha malaria kali, Plasmodium falciparum, kina jeni zaidi ya 5,000, na hubadili umbo na mahali pa kukaa kadiri kinavyokua. Mbu anapouma hutema vimelea vichache, makumi au mamia, ambavyo hukimbilia ini. Ndani ya ini hukaa takriban wiki moja bila mtu kuhisi lolote, kila kimoja kikizaana mpaka kufikia maelfu kwa maelfu. Kisha hutoka vikiwa na sura nyingine na kuvamia chembe nyekundu, hapo ndipo homa huanza. Kinga iliyojifunza kuitambua sura ya kwanza haiitambui ya pili.

Mwaka 1967 Ruth Nussenzweig na wenzake, wakifanya kazi New York, walionyesha kwamba panya waliodungwa vimelea vilivyodhoofishwa kwa mionzi walipata kinga. Hapo matumaini ya chanjo yakapata msingi. Mwaka 1987 kampuni ambayo leo inaitwa GSK, ikishirikiana na taasisi ya utafiti wa tiba ya jeshi la Marekani, ilianza kutengeneza chanjo iliyokuja kuitwa RTS,S. Wazo lake lilikuwa kuchukua kipande cha protini inayofunika kimelea kinapotoka kwa mbu, kukiunganisha na protini ya virusi vya homa ya ini aina ya B, na kuongeza kichochezi cha kinga, ili mwili umkamate adui kabla hajafika kwenye ini. R21 inalenga protini ileile. Kichochezi chake hutokana na magome ya mti wa Quillaja unaoota Chile.

Majaribio ya mwisho ya RTS,S yalianza mwaka 2009 na kumalizika 2014. Watoto 15,459 walishiriki katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Tanzania ilikuwa na Bagamoyo na Korogwe. Kenya ilikuwa na Kilifi, Kombewa na Siaya. Mwaka 2019 Malawi, Ghana na Kenya zikaanza kuitoa kwa majaribio katika kliniki za kawaida, na kwa Kenya uzinduzi ulifanyika Homa Bay mwezi Septemba. Tarehe 6 Oktoba 2021 WHO ikaipendekeza rasmi. Kutoka 1987 hadi 2021 ni miaka 34. Mtoto aliyezaliwa mwaka kazi hiyo ilipoanza alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake ilipokamilika.

Waswahili husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Taarifa ya dakika mbili redioni haiwezi kututajia waundaji wote: wauguzi wa Korogwe waliojaza fomu, madereva waliopeleka sampuli, akina mama wa Bagamoyo waliokubali watoto wao wadungwe chanjo ambayo hakuna aliyejua kwa hakika kama ingefanya kazi. Majina yao hayamo katika vichwa vya habari, lakini bila wao majedwali ya takwimu yangebaki matupu. Ninaposikia kwamba "wazungu wamegundua chanjo ya malaria", ninajua sentensi hiyo imewaacha nje maelfu ya Waafrika waliotoa damu na muda wao, pamoja na watafiti kama Halidou Tinto wa Burkina Faso, aliyeongoza majaribio ya R21 kule Nanoro.

Asilimia 75 ya nini?

Jambo moja ambalo kila mwanafunzi anapaswa kulizoea ni kuisimamisha namba na kuihoji. Kuhusu R21, namba iliyosikika sana ni asilimia 75. Wengi waliielewa kwamba katika watoto 100 waliochanjwa, 75 hawatapata malaria kamwe. Maana yake si hiyo.

Katika majaribio ya mwisho ya R21, watoto 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipata R21, lingine chanjo ya kichaa cha mbwa, ili wote wapate kitu cha kuwafaa na asiwepo anayejua yuko kundi gani. Baada ya miezi 12, katika maeneo ambako chanjo ilitolewa kabla ya msimu wa malaria, matukio ya ugonjwa kwa waliopata R21 yalikuwa pungufu kwa asilimia 75 kuliko kwa wenzao. Katika maeneo ambako malaria ipo mwaka mzima, vikiwamo vituo vya Kilifi na Bagamoyo, upungufu ulikuwa asilimia 68. Kinga hupungua kadiri muda unavyopita, ndiyo maana kuna dozi ya nne.

RTS,S, kwa watoto waliopata dozi 4 kuanzia umri wa miezi 5 hadi 17, ilipunguza matukio ya malaria kwa asilimia 36 katika miaka ipatayo minne ya ufuatiliaji. Wapo walioidharau namba hiyo. Lakini mtoto anayeishi penye malaria nyingi huugua mara kadhaa kwa mwaka, na kila homa inayoepukwa ni safari moja ya hospitali isiyofanyika na hatari moja ya kifo iliyoondolewa. Kipimo kikubwa zaidi kilipatikana Ghana, Kenya na Malawi. Huko, katika maeneo yaliyotoa chanjo, vifo vya watoto wa umri unaohusika, vya sababu zote isipokuwa ajali, vilipungua kwa asilimia 13. Katika ugonjwa unaoua takriban watu 600,000 kwa mwaka, wengi wao watoto wa Afrika walio chini ya miaka 5, asilimia 13 ni makaburi mengi yasiyochimbwa.

Kwa hiyo namba ndogo inaweza kuwa na maana kubwa, na namba kubwa inaweza kuwa na masharti. Anayesoma habari za sayansi hana budi kuuliza: asilimia ya nini, ikilinganishwa na nani, kwa muda gani, na mahali gani? Taarifa isiyojibu maswali hayo imetupa hisia, haijatupa maarifa.

Tiba ya dola milioni 2.2

Casgevy nayo ina historia ndefu. Mwaka 1948 daktari Janet Watson wa New York alibainisha kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaonyeshi dalili katika miezi ya mwanzo, akahisi kwamba wanalindwa na himoglobini ya tumboni, ile ambayo kila mtoto huzaliwa nayo kisha huacha kuitengeneza. Miaka 60 baadaye, mwaka 2008, Vijay Sankaran, Stuart Orkin na wenzao walionyesha kwamba jeni iitwayo BCL11A ndiyo inayoizima. Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walichapisha namna ya kuutumia mfumo wa kinga wa bakteria, CRISPR, kukata DNA mahali panapotakiwa. Mwaka 2020 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Casgevy inaziunganisha hatua hizo. Madaktari huchukua seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe, na maabara hukata sehemu inayoiwezesha BCL11A kufanya kazi ndani ya seli hizo. Uloto wa zamani, unaotengeneza damu ndani ya mifupa, huondolewa kwa dawa kali ya kemikali, kisha seli zilizohaririwa hurudishwa mwilini. Himoglobini ya tumboni huanza kutengenezwa tena. Kosa la asili linabaki palepale, lakini limepata mbadala. Katika majaribio, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio la maumivu makali. Bi. Victoria Gray wa Mississippi, mgonjwa wa kwanza wa selimundu kutibiwa hivyo nchini Marekani, mwaka 2019, amesimama mbele ya mikutano ya wanasayansi na kueleza jinsi maisha yake yalivyobadilika.

Hili ni tendo kubwa la akili ya binadamu, na ninalifurahia bila kinyongo. Lakini bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mgonjwa anahitaji wiki kadhaa hospitalini, maabara ya hali ya juu na dawa inayoweza kuharibu uwezo wa kuzaa. R21 inauzwa kati ya dola 2 na 4 kwa dozi. Tukichukua bei ya juu, dozi 4 ni dola 16. Gharama ya Casgevy ya mtu mmoja ingenunua dozi kamili za watoto 137,500, kabla ya kuhesabu usafirishaji na kazi ya wauguzi.

Silinganishi ili kusema mgonjwa huyo hastahili tiba. Anastahili. Ninachosema ni kwamba wagonjwa wengi wa selimundu duniani wako kusini mwa Jangwa la Sahara, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa idadi ya watoto wanaozaliwa nayo, pamoja na Nigeria na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Swali lilitoka kwetu, jibu limepatikana, na kwa bei hiyo jibu halijatufikia. Wapo wanaolijua hilo na kulifanyia kazi. Mwaka 2019 taasisi za taifa za afya za Marekani na Wakfu wa Bill na Melinda Gates ziliahidi angalau dola milioni 100 kila mmoja kutafuta tiba ya jeni ya selimundu na ya virusi vya Ukimwi itakayowezekana Afrika, pengine kwa sindano moja bila kuondoa uloto. Kazi hiyo bado haijaisha.

Habari zisizotangazwa

Hapa nafika kwenye jambo lililonifundisha kuliko yote. Mwaka 1986 utafiti uliofanyika Marekani ulionyesha kwamba mtoto mwenye selimundu akipewa penisilini kila siku, maambukizi hatari ya bakteria hupungua kwa asilimia 84. Penisilini ni dawa ya bei ndogo. Mwaka 1995 ilithibitishwa kwamba haidroksiurea, dawa ya vidonge iliyokuwa ikitumika kutibu saratani, hupunguza mashambulio ya maumivu kwa watu wazima wenye selimundu. Namna inavyofanya kazi ni kuongeza himoglobini ya tumboni, lengo lilelile la Casgevy. Kisha utafiti uitwao REACH, uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale na kuchapishwa mwishoni mwa 2018, ulionyesha kwamba watoto wa Kiafrika wanaopewa haidroksiurea hupata maumivu machache, huongezewa damu mara chache, na hata vifo hupungua. Wengine walihofu kwamba dawa hiyo ingewaongezea malaria. Matokeo yakawa kinyume: malaria ilipungua kwa takriban nusu.

Habari hiyo ya vidonge haikupata vichwa vikubwa vya habari kama uhariri wa jeni. Lakini kwa mtoto wa Mwanza, Kisumu au Kindu, ndiyo iliyo karibu naye zaidi. Inakadiriwa kwamba katika nchi nyingi za Afrika zaidi ya nusu ya watoto wanaozaliwa na selimundu hufariki kabla ya miaka 5, wengi bila hata kupimwa. Mtoto huyo anahitaji tone la damu la kisigino kupimwa akiwa mchanga, penisilini, chanjo, kinga ya malaria na haidroksiurea. Mambo haya yote yameshagunduliwa.

Nchini Tanzania, Profesa Julie Makani na wenzake wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili walianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu, na kundi hilo limekuwa miongoni mwa makubwa zaidi duniani kufuatiliwa katika kituo kimoja. Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Hizi ni kazi za kisayansi kwa maana kamili, kwa sababu kuufikisha ugunduzi kwa mgonjwa ni kazi inayohitaji maswali, vipimo na ushahidi kama ugunduzi wenyewe.

Na iko siku, tukishinda malaria, selimundu nayo itaanza kupungua vizazi kwa vizazi, kwa sababu jeni yake itakuwa imepoteza faida iliyoihifadhi. Chanjo ya malaria, kwa mtazamo huo mrefu, ni hatua dhidi ya magonjwa mawili. Vyombo vya habari havikusema hivyo Oktoba 2023, lakini baiolojia inasema hivyo.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wenzangu mambo matatu. Habari ya ugunduzi ikitangazwa, tafuteni swali lililouzaa, maana huenda liliulizwa kijijini kwenu. Ihojini kila namba kabla ya kuirudia. Kisha ulizeni ni lini na kwa bei gani ugunduzi huo utamfikia mgonjwa, na kama hakuna anayelijibu swali hilo, lifanyeni kuwa utafiti wenu. Kwa wazazi na vijana wanaokusudia kuoana, ombi langu ni jepesi zaidi: kapimeni damu mjue kama mmebeba jeni ya selimundu, na mtoto akizaliwa apimwe mapema. Kipimo hicho kipo, na kwa mtoto mwenye selimundu ndicho kinachofungua mlango wa tiba nyingine zote.